Mshipi wa Mzee Santiago: kusoma «Mzee na Bahari» tukiwa Baraka

Kati ya vitabu vya kigeni ambavyo vimefika kwetu kwa Kiswahili, kimoja kinatuhusu sisi watu wa ziwa kuliko wengi wanavyofikiri. Ni Mzee na Bahari, hadithi fupi ya Mwamerika Ernest Hemingway. Ilitoka mwaka 1952, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1953, na mwaka 1954 mwandishi wake akapewa tuzo ya Nobel. Wengi wetu tuliisoma kwanza kwa Kifaransa kwenye viti vya sekondari, wengine wakaisoma Kigoma na Kasulu wakati wa ukimbizi. Mpaka leo buku hilo likitajwa, jibu huwa moja tu: «Ni habari ya uvumilivu.» Mwalimu anaandika neno uvumilivu ubaoni, wanafunzi wanalinakili, somo limekwisha.

Hatuna ugomvi na uvumilivu. Lakini tunaona kwamba usomaji huo umeruka kitu ambacho mtu wa Baraka, wa Mboko au wa Rasi ya Ubwari angepaswa kukiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Buku hili, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, linasimulia chombo cha kazi. Linasimulia mshipi wa mkono. Asiyejua mshipi ule unafanya nini hawezi kujua yule mzee anateseka juu ya nini, wala kwa nini hakuachilia.

Tukumbushe hadithi kwa kifupi. Santiago ni mvuvi mzee wa Kuba. Amekaa siku 84 bila kupata samaki. Kijana Manolin, aliyekuwa akivua naye, baada ya siku 40 aliamriwa na wazazi wake aende kwenye chombo kingine. Siku ya 85 mzee anakwenda peke yake mbali sana, na saa sita za mchana samaki mkubwa anakamata ndoano. Ni sulisuli, yule samaki wa bahari mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Samaki anakokota mtumbwi siku mbili, usiku na mchana. Siku ya tatu mzee anamuua, anamfunga ubavuni, na njiani papa wanamla wote. Anayefika nyumbani ni mifupa tu.

Sasa tuangalie vyombo. Mzee ana mishipi minne, na kila mmoja ameushusha kwa kina chake: pima 40, pima 75, pima 100 na pima 125. Kila mshipi ameuzungusha kwenye kijiti kibichi, ili samaki akigusa chambo hata kidogo, kijiti kiiname. Pembeni ameweka mafungu ya akiba ya kuunganisha, hata samaki mmoja akitaka kukimbia aweze kupewa zaidi ya pima 300. Hakuna fimbo, hakuna mashine yoyote. Kuna mikono miwili, mgongo mmoja, na gunia lililokunjwa ili kamba isimkate bega.

Neno pima lenyewe linastahili tusimame kidogo. Pima ni mikono miwili ikinyoshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mita moja na sentimeta 80 hivi. Ni kipimo kilichotoka mwilini. Mvuvi wa ndoano huku kwetu anaposhusha mshipi usiku hasomi namba mahali popote: anahesabu mikono yake. Na kwenye ziwa letu hesabu hiyo si mchezo. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470, lakini upande huu wa kaskazini hewa ya oksijeni ndani ya maji inaishia karibu na mita 100, na chini ya hapo samaki hawaishi. Mshipi wa mzee Santiago wa pima 125 ungeshushwa mbele ya Ubwari ungening'inia kwenye maji yasiyo na kitu. Wazee wetu hawakuwa na mashine ya kupima oksijeni. Walijua tu ni pima ngapi ambazo ukizipita unapoteza usiku wako bure.

Turudi kwenye mtumbwi wa Kuba. Swali ambalo kijana yeyote anauliza ni hili: kwa nini mzee hafungi mshipi kwenye mtumbwi, akalala? Tulipolisoma buku hili kwa sauti, jioni kadhaa, pamoja na wavuvi na vijana wa sekondari, swali hilo lilitoka mapema sana, na aliyejibu hakuwa mwalimu. Alikuwa mzee mmoja ambaye hajasoma zaidi ya darasa la tatu. Alisema: «Akifunga, samaki anakatisha. Kamba ikikazwa inakatika, ikilegezwa samaki anatema ndoano. Huyu muzee anajua kazi, anaachilia kidogo kidogo.» Hemingway anasema jambo hilo hilo ndani ya hadithi. Mshipi ukifungwa hauna pa kwenda, na samaki akishtuka utakatika. Kwa hiyo lazima mtu awe katikati ya samaki na mtumbwi, mwili wake ufanye kazi ya kukaza na kulegeza. Mgongo wa Santiago ni breki. Viganja vyake vinavyokatwakatwa ni breki. Ule mkono wa kushoto unaopata mkakamao na kumsaliti, hiyo ni breki iliyoharibika safarini, na fundi yuko peke yake.

Hapo ndipo tunapaswa kuzungumza juu ya kile chombo ambacho mzee hana: lile gurudumu la kukunjia mshipi lenye mkono wa kuzungusha, ambalo wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaliita rili, na sisi tuliosoma Kifaransa tunaliita mulinee. Huku Fizi si watu wengi waliokishika. Huonekana mikononi mwa wageni. Lakini bila kujua historia yake hatuwezi kulipima buku hili sawasawa, maana aliyeliandika alikuwa mtu wa rili.

Rili za bahari za zamani hazikuwa na breki ndani. Samaki akikimbia, mkono wa kuzungushia ulikuwa unarudi nyuma kwa kasi na kuvunja vidole vya mvuvi. Breki ilikuwa kipande cha ngozi, unakikandamiza kwa dole gumba juu ya mshipi hadi moshi utoke. Wavuvi matajiri wa Kalifornia waliteseka na vyombo hivyo mpaka walipopata rili yenye vibamba vya kusuguana ndani yake, na juu yake kigurudumu chenye pembe kama nyota cha kukazia na kulegezea. Mwaka 1913 William Boschen, akitumia rili ya namna hiyo, alipata samaki-upanga wa kwanza kuvuliwa kwa fimbo na rili. Kisha kampuni zikaendelea: Hardy huko Uingereza, na Penn iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, ambayo mwaka 1936 ilitoa rili ya bahari iitwayo Senator. Kazi ya mashine zote hizo ni moja tu, ile aliyoitaja mzee wetu wa darasa la tatu: kuachilia kidogo kidogo. Yaani matajiri walitoa pesa nyingi na akili nyingi kununua mgongo wa Santiago uliotengenezwa kwa shaba.

Hemingway mwenyewe alikuwa na mashua yenye injini, Pilar, tangu 1934, na alivua sulisuli kwa fimbo na rili. Mwaka huo huo wa 1934, baada ya kuwinda Tanganyika, aliteremka hadi Malindi kuvua. Alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1953. Mwezi wa kwanza 1954 alikodi ndege kumwonyesha mke wake Kongo ya Wabeleji, na ndege ikaanguka karibu na maporomoko ya Murchison huko Uganda. Ya pili iliyokuja kuwachukua ikawaka moto Butiaba. Wakatoka wakiwa hai, naye akaenda kwenye kambi ya uvuvi Shimoni, kusini mwa Mombasa, na majeraha yake. Huyo ndiye mtu aliyeandika habari za mzee asiye na rili. Na hakubuni kila kitu: katika makala yake ya mwaka 1936 aliwahi kutaja mvuvi mzee wa Kuba aliyekokotwa na sulisuli kwa mshipi wa mkono, akaokotwa analia, papa wakiwa bado wanazunguka mtumbwi.

Kwa nini basi alimnyima mzee wake chombo ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukiacha? Wahakiki wengi wanajibu kwamba ni kwa sababu mvuvi yule alikuwa maskini. Ni kweli, lakini jibu hilo ni fupi mno. Sisi tunaona kwamba mwandishi alijua ni nini rili inakificha. Ukivua kwa rili, kukaza na kulegeza kunafanyika ndani ya sanduku la chuma, wala msomaji hawezi kukuona unafikiri. Ukivua kwa mkono, kila wazo linapita kwenye ngozi. Samaki yuko chini giza tupu, mzee hamwoni siku nzima, lakini kwa kamba anajua kama anapanda, kama amechoka, kama anakula au anachezea. Kurasa zile ndefu ambazo vijana wanalalamika kwamba «hakuna kinachotokea» zimejaa habari, ila habari zake zinaingia kwa kidole.

Kuna ushahidi mmoja unaochekesha. Mwaka 1958 hadithi ilitolewa katika sinema, Spencer Tracy akiwa mzee. Ilikuwa vigumu sana kupata picha za sulisuli mkubwa anayeruka. Mwishowe wakatumia pia picha za samaki aliyevuliwa Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953 na tajiri Alfred Glassell, samaki wa ratili 1,560, yaani zaidi ya kilo 700, ambaye alikuwa rekodi ya dunia. Samaki huyo alivuliwa kwa fimbo na rili, kwenye mashua yenye injini, chini ya saa mbili. Mzee Santiago naye anamkadiria samaki wake kupita ratili 1,500. Uzito ni karibu sawa. Mmoja siku mbili, mwingine chini ya saa mbili. Na anayeangalia sinema hiyo anaona samaki wa rili akijifanya samaki wa mkono. Ndiyo maana sinema ile, pamoja na uzuri wa rangi zake, inachosha: samaki anaruka vizuri, lakini kamba haina uzito.

Tusije tukaonekana tunaidharau rili. Tunataka kusema jambo kinyume kabisa, na hapa tunaomba wasomaji wetu wavumilie mzunguko mdogo, maana utaturudisha Baraka.

Huko Marekani, Uingereza na pengine, kuna watu wanaotafuta rili za zamani za bahari: za miaka ya 1920, 1930, 1950, zilizotupwa kwenye magereji na ndani ya mashua zilizooza. Wamegawanyika makundi mawili, na ugomvi wao ni wa kweli. Kundi la kwanza linaisafisha rili, linaipaka mafuta, linaiweka nyuma ya kioo, na ole wako ukiigusa. Kundi la pili linaifungua yote. Linapanga vipande kwa mfuatano juu ya kitambaa ili visipotee, linaondoa kutu ya kijani ya shaba kwa siki, linatoa grisi iliyogeuka kuwa gundi, linatupa vibamba vya breki vya ngozi vilivyokauka na kuweka vipya vya kaboni. Kisha linakwenda nayo baharini. Kundi la kwanza linawashtaki wa pili kwamba wanaharibu urithi. Kundi la pili linajibu kwamba rili isiyozunguka ni uzito wa kuzuia karatasi zisipeperuke.

Sisi tuko upande wa pili, na si kwa ushabiki. Anayeitumia rili ya zamani anajua mambo ambayo mwenye kabati la kioo hawezi kuyajua. Anajua kwamba chumvi inaingia chini ya kila skrubu, kwa hiyo chombo lazima kioshwe kwa maji baridi siku ile ile. Anajua kwamba mishipi ya zamani ya kitani ilikuwa lazima ianikwe baada ya kila safari, la sivyo inaoza. Anajua kwamba usiku breki inalegezwa, ili vibamba visibanwe vikakakamaa na kuharibu mvuto wa kesho. Mambo madogo kama hayo hayaandikwi chini ya kioo kwenye makumbusho. Yanaishi katika kutumia, na mtumiaji wa mwisho akifa, yanaondoka naye.

Sasa tuko Baraka tena.

Mshipi wa mkono wa huku kwetu una rili yake, tusidanganyane. Ni kibao kilichochongwa mashimo pande mbili, au chupa, au kipande cha mti chenye umbo la kiuno. Mshipi unazungushiwa hapo kwa namna ambayo ukitupwa hautajifunga fundo gizani. Mbele kuna chubwi la kuzamisha, na ndoano moja au nyingi kulingana na samaki unayemtafuta: kuvua mikebuka karibu na taa ni kazi tofauti na kumtafuta sangala mmoja mkubwa kwenye mawe. Mwenye mshipi anaupitisha wote kwenye ukucha kabla ya kutoka, kutafuta fasi ambayo nailoni imekwaruzwa. Asubuhi anauanika. Tofauti na yule Mwamerika anayelegeza breki yake jioni ni ndogo sana.

Lakini angalieni jinsi tunavyoandika sisi wenyewe habari za mila zetu. Tunao utajiri wa makala juu ya ngoma, juu ya ndoa, juu ya majina ya koo, juu ya watawala wa kwanza. Tukifika kwenye uvuvi, tunaandika mstari mmoja: «Babu zetu walikuwa wavuvi hodari.» Hodari kwa kufanya nini? Kwa pima ngapi? Kwa chambo gani, mwezi gani, upepo gani? Tunalisoma ziwa letu kama tunavyosoma Mzee na Bahari shuleni, tunachukua sifa ya moyo na kuacha kazi ya mkono. Richard Burton na Speke walipofika Ubwari mwaka 1858 walidhani ni kisiwa, na kosa lao lina kurasa zake kwenye vitabu vya historia. Mbwari aliyekuwa anashusha mshipi siku ile, akijua vizuri kwamba nyuma yake kuna nchi kavu, hana hata mstari.

Na huku hatuna muda mrefu, juu ya sababu mbili.

Ya kwanza ni vita. Tangu 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, kisha Lugufu. Kambi hizo haziko ukingoni mwa ziwa. Mvuvi alikaa huko miaka kumi, wengine zaidi ya ishirini, akipanga mstari wa mahindi na mafuta, mtumbwi wake ukiwa umeoza au umechukuliwa na mwingine. Mwezi wa kumi 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Zilishusha watoto waliozaliwa kambini ambao wazazi wao walikuwa wavuvi, nao wenyewe hawajawahi kulala usiku mmoja ndani ya mtumbwi. Watoto hao leo ni wazazi. Wengine wameingia kwenye ekipe za nyavu, na wanafanya kazi nzuri, lakini kwenye wavu mkubwa kijana anajifunza kuvuta pamoja na wenzake kwa amri. Hajifunzi kusikia kwa kidole. Kwa hiyo pale Manolin anapoondolewa kwa Santiago na kupelekwa kwenye chombo kingine, msomaji wa Havana anaona huzuni ya urafiki. Sisi tunaona kitu kizito zaidi, mstari wa mafundisho uliokatwa. Kwetu ulikatwa kwa kizazi kizima kwa mara moja.

Sababu ya pili ni samaki mwenyewe. Tangu miaka ya 1950, meli za wavuvi Wagiriki zilipoanza kutumia nyavu kubwa za kuzungushia upande wa Usumbura na baadaye sehemu nyingine za ziwa, wale sangala wakubwa walipungua upesi sana upande wa kaskazini. Waliobaki wengi ni ndakala na mikebuka. Kisha kila mtu akafuata ndakala kwa taa: kwanza kwa karabai, siku hizi kwa taa za betri. Chombo kinakufa samaki wake akipotea. Ingekuwa unafiki kumwambia kijana wa leo aache wavu na kushika mshipi kwa ajili ya mila. Atakula nini? Hatusemi hivyo. Tunasema kwamba anayeujua mshipi ayaseme anayoyajua, kwa pima na kwa majina ya samaki, yaandikwe, na vijana washike kamba hiyo mkononi angalau misimu michache, kama vile tunavyowashikisha ngoma.

Baada ya kulisifu buku, ni haki tuseme na mapungufu yake, kama tunavyoyaona kutoka pwani hii.

Kwanza, mzee huyu yuko peke yake kupita kiasi. Hemingway anapenda mtu mmoja dhidi ya dunia. Huku, mtu anayekwenda peke yake mbali usiku hasifiwi ushujaa. Anaulizwa amegombana na nani. Pili, wanawake hawamo. Mke wa mzee amekufa, ni picha iliyoondolewa ukutani juu ya upweke. Na mwishoni kuna mwanamke mtalii anayetazama mifupa bila kuelewa. Basi. Nani anamnunua samaki? Nani anamkausha, nani anambeba sokoni? Mtu aliyewahi kusimama ufukweni Baraka alfajiri, mitumbwi inaporudi, anajua kwamba samaki akishaguswa na mchanga ni mambo ya akina mama, bei ni yao na maneno ni yao. Kwenye hadithi ya Kuba samaki anaongezeka thamani kichwani mwa mzee tu, anapopiga hesabu ya ratili na senti.

Tatu, deni. Siku 84 bila samaki! Baraka, mtu wa namna hiyo angekuwa anadaiwa nailoni, ndoano, labda na mtumbwi wenyewe. Hemingway analigusa jambo hilo kidogo tu, mzee anapoogopa kukopa kwa sababu mwisho wa kukopa ni kuomba. Wasikilizaji wetu walicheka kwa uchungu hapo, na mmoja akasema, «Huyu hajakutana na wenye kudai.» Tunakubaliana naye. Mwandishi alijua mshipi vizuri kuliko alivyojua daftari la madeni.

Hata hivyo kuna sehemu mbili ndogo zinazotufanya tumsamehe mengi. Mojawapo ni tanga la mtumbwi, lililotiwa viraka vya magunia ya unga. Huku tumeona matanga ya turubai za msaada, na herufi za shirika bado zinasomeka upepo ukilijaza. Msomaji wa Fizi hahitaji kuelezwa lile tanga.

Nyingine iko karibu na mwisho. Mifupa iko ufukweni, mikono ya mzee imeharibika, kijana analia. Mara wanaanza kuzungumza vyombo. Wanahitaji mkuki mzuri, kwa sababu ule wa kwanza ulikwenda na papa. Mzee anasema ubao wa mkuki unaweza kutengenezwa kutoka kwenye resori ya gari kuukuu aina ya Ford, ukanolewe Guanabacoa. Na kijana ataleta vitu, atakuja kuvua naye tena, kwa sababu bado ana mengi ya kujifunza. Walimu wengi wanapita hapo haraka, ili wafike kwenye ndoto ya simba. Sisi tulisimama hapo jioni nzima. Mafundi wetu wanafua visu na mapanga kwa resori za malori, kila mtu aliyekuwepo alijua chuma hicho, na ubishi ukawa mkali: wengine wanasema resori ya zamani ni ngumu mno kwa mkuki, ikipozwa vibaya inapasuka ikigonga mfupa, wengine wanasema inategemea moto na mtu anayeishika. Fundi mmoja aliahidi kujaribu, ilimradi mtu amletee resori ya Ford. Huku Baraka tumemtafutia, mpaka sasa tumepata za Toyota tu.